Mama Alipokataa Supu Yangu

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye jana au juzi ameambiwa kwamba mzazi wake atakatwa kipande cha ulimi. Najua umekaa wapi. Umekaa kwenye benchi la mbao, ukuta nyuma yako umepakwa rangi ya kijani, na rangi imebanduka pale vichwa vya watu vinapoegemea. Nami nilikaa hapo. Leo nimekaa barazani kwangu Kionga, mama yangu yuko uani anawafukuza kuku kwenye mchele, na sauti yake ninaisikia. Haitoki vizuri kama zamani, lakini kuku wanaielewa.

Niseme kwanza mimi ni nani, ili usidhani unafundishwa na mtu wa kubahatisha. Naitwa Saidi. Nilitoka Kionga na shati moja, nikaosha masufuria katika hoteli moja ya Pemba, ule mji wa kusini kwetu, si kisiwa, nikasoma jioni wakati wenzangu wanacheza bao, nikapata diploma ya hoteli. Sijui mtu mwingine wa kijiji chetu aliyeipata. Nimekuwa mpishi mkuu katika kambi ya wafanyakazi wa gesi, na wageni wa mataifa sita wamekula mkononi mwangu wakarudia. Niliporudi nyumbani nilijenga jiko lenye vigae, na wapitao hunichungulia wakasema, "Shefe, leo unapika nini?" Wengine husema kwa dhihaka, kwa kuwa kwetu mwanamume jikoni ni kichekesho. Mimi hufurahi kuitwa Shefe.

Ugonjwa wa mama ulianza na kidonda chini ya ulimi, upande wa kushoto, mahali alipozoea kuweka ugoro. Alikificha karibu mwaka mzima. Niligundua kwa kazi yangu: mpishi hutazama watu wakila. Nikaona anatafuna upande mmoja, kisha ameacha pilipili, kisha anamwaga chai yake mchangani akidhani sioni. Nikampeleka hospitali ya Palma. Palma wakatutuma mbele, na huko mbele wakatutuma mbele zaidi, hadi tukafika hospitali kubwa iliyo mwendo wa siku mbili kutoka kwetu.

Tulingoja sana. Kungoja kuna namna yake: ukifika mapema unapata benchi, ukichelewa unapata sakafu, na jina lako huitwa siku zote unapokuwa umekwenda kununua maji. Mama alijifunika kanga hadi puani kwa sababu kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Siku ile tuliyoambiwa kwamba ni kansa na itakatwa, daktari alieleza pia kwamba mgonjwa akishindwa kula kwa kinywa baadaye, hutobolewa tumbo na kuwekewa mpira wa kupitishia chakula. Tulipotoka nje mama akaniita.

"Saidi."

"Naam, mama."

"Ulimi wakate. Lakini wasinitoboe tumbo wakanimiminia uji kama wanajaza mtungi. Niahidi."

Nikamwahidi. Nilikuwa na diploma ya kulisha watu. Ningeshindwaje kumlisha mmoja?

Walimpasua mvua zilipokuwa zinakatika. Siku ya pili niliruhusiwa kumwona, nikapita kitanda chake mara mbili. Uso ulikuwa umevimba hadi jicho moja limefungwa, na mshono ulitoka chini ya sikio ukashuka shingoni, kwa kuwa walitoa na tezi. Nilimtambua kwa miguu. Nakwambia mapema ili usishtuke mbele yake, maana wao hutazama sura yako kabla hawajaomba kioo.

Kabla ya operesheni, muuguzi wa kike alikuwa amejaza fomu. Aliuliza kama mgonjwa anajua kusoma na kuandika, kwa kuwa wiki za kwanza hangeruhusiwa kuulazimisha ulimi kusema. Nikajibu kwa Kireno kizuri kwamba hapana, hajakaa darasani hata siku moja. Mama alikuwa hapo, macho wazi. Kwa hiyo wakatupatia kipande cha kadibodi chenye picha: glasi, kitanda, choo, uso unaolia. Angeonyesha kwa kidole.

Alipotolewa mpira wa puani aliolishiwa siku za mwanzo na kuanza kumeza, tuliruhusiwa kurudi. Alikuwa na kilo arobaini na sita. Daktari akaandika kwenye kadi kwamba zikifika arobaini arudishwe, awekewe ule mpira wa tumboni. Nikaikunja kadi nikaitia mfuko wa shati.

Njiani tulisimama Mute, alikoolewa mdogo wangu Atija. Alikuwa ametungoja kando ya barabara, mikono ina matope ya shamba la mpunga. Alimtazama mama, akamshika miguu, hakulia. Kisha akaniambia nimwache mama kwake, au yeye apande gari twende wote.

"Nyumba yako haina umeme," nikamwambia. "Mimi nina sola, nina friji, nina blenda. Nimesomea chakula, Atija. Wewe umesomea nini?"

"Sijasomea kitu, kaka. Na mpunga wangu unaliwa na ndege. Mchukue mama yako."

Akarudi shambani bila kugeuka. Mama alinipiga kofi dogo begani, nami nikadhani ananiaga kwa niaba ya binti yake.

Nyumbani nilipanga kila kitu kama inavyopangwa kambini. Kitanda nilikiinua upande wa kichwa kwa matofali mawili. Nilinunua vitambaa ishirini vya pamba kwa ajili ya mate, maana mate hutoka yenyewe na hayaombi ruhusa. Nilibandika ratiba ukutani: saa hii kusukutua kwa maji ya chumvi, saa hii dawa, saa hii supu. Wageni niliwaruhusu hadi mlangoni tu, dakika chache, nikihofia kikohozi chao. Rafiki yake wa tangu utotoni, Bi Zuhura, alisimama kizingitini akasema, "Shefe, mama yako ni mgonjwa au ni mwali umemweka ndani?" Mama alikuwa amegeukia ukuta, kanga usoni.

Na supu. Niieleze supu, kwa sababu ni supu bora niliyowahi kupika. Samaki changu, mbichi wa asubuhi, nimemchemsha na kitunguu, nimemtoa miba yote, nimemsaga na tui zito, nimemchuja mara mbili hadi akawa laini kama maziwa. Nikamalizia na ndimu, kwa kuwa samaki bila ndimu ni shombo tu. Nikaileta ikifuka moshi, kama supu inavyotakiwa kuletwa.

Mama alimeza vijiko viwili. Machozi yakamtoka, akafunga mdomo, akageukia ukuta. Nikajiambia ni huzuni. Kesho yake vijiko vitatu. Keshokutwa kimoja. Nilibadili samaki, nikaleta kuku, nikaleta kamba, na vyote nikavitengeneza kwa ustadi ule ule. Nilisimama kando yake na daftari, nikiandika idadi ya vijiko.

Mama alikuwa ameigeuza ile kadibodi ya picha upande wa nyuma. Alionyesha kwa mkono kwamba anataka kalamu, nikampa. Akaandika mstari, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi za Kiarabu, akanipa. Nikaguswa moyo. Mama yangu, katika maumivu yale, anaandika dua. Nikaibusu kadibodi, nikaiweka kwenye rafu ya juu, penye msahafu. Akatikisa kichwa. Nikaisogeza juu zaidi.

Ikawa kila siku. Kadibodi ilipokwisha nafasi, aliandikia nyuma ya karatasi za dawa. Nami kila siku nilipokea kwa mikono miwili na kuhifadhi. Chuo cha Kurani nilikiacha mapema kwa ajili ya shule ya Kireno. Herufi mojamoja nazijua, lakini zikiungana siwezi kuzifuata, na sikuwahi kuona haja. Kwangu mimi maandishi ya Kiarabu yalikuwa ya kuombea.

Siku moja alinipa karatasi, nami nikataka kuiweka rafuni. Akanishika mkono. Akaonyesha karatasi, akaonyesha mdomo wake. Karatasi, mdomo. Karatasi, mdomo. Nikaelewa: mama anataka kombe. Kwetu mgonjwa huandikiwa aya kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akanywa yale maji. Mimi ni mtu wa diploma, lakini imani ya mzazi haipingwi. Nikaiweka karatasi kwenye bakuli la maji safi, nikasubiri, nikayachuja kwa kitambaa, nikamletea kijiko kwa kijiko. Alinitazama muda mrefu. Mabega yakaanza kumtetemeka. Akanywa yote. Usiku ule nilimpigia simu rafiki yangu Pemba nikamwambia kwamba mama ana imani ya ajabu.

Nesi Lusia wa kituo chetu cha afya alikuja na mizani yake kila Ijumaa. Wiki ya kwanza kilo arobaini na nne. Ya pili arobaini na mbili na nusu. Ya tatu arobaini na moja. Mifupa ya kifua ilionekana juu ya kanga, na pete yake ya ndoa ilianguka wakati anatawadha. Lusia alinivuta hadi barazani.

"Kaka Saidi, unampa nini?"

Nikamweleza, kuanzia changu.

"Ni chakula kizuri," akasema. "Lakini hakiingii. Ijumaa ijayo akiwa na arobaini naandika barua mrudi. Tafuta mwanamke wa kwenda naye, maana wodi ya wanawake hutalala wewe."

Hapo ndipo nilipompigia Atija. Sikumwita anisaidie kupika, sikuwa nimefika huko. Nilimwita asindikize mgonjwa. Lakini nilipokuwa naongea naye niliona wazi kwamba nakwenda kuivunja ahadi yangu.

Atija alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, na kifurushi cha mchele mpya kichwani na jiwe lake la kusagia msiro, ule mti ambao wanawake wetu husaga wakapaka weupe usoni. Mama alipomwona alimvuta mkono akaushikilia kama mtu anayezama. Mimi nikaanza kumweleza Atija juhudi zangu, ili asidhani mama amekonda kwa uzembe. Nikafika kwenye dua.

"Hajaacha hata siku moja," nikasema. "Zote nimezihifadhi."

Nikamshushia kutoka rafuni. Atija alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza kusoma kimya, midomo ikitembea. Kisha midomo ikasimama.

"Kaka, hii ni dua ya nini?"

"Ya shifaa, bila shaka."

"Imeandikwa, 'Ndimu inachoma. Usitie ndimu.'"

Nikasema hebu soma vizuri. Akasema anasoma vizuri, na kwamba ni Kiswahili kitupu. Akachukua ya pili.

"'Poza supu. Kinywa ni kidonda.' Hii nyingine, 'Ndimu, Saidi.' Hii, 'Kijiko kikubwa, leta cha chai.' Hii, 'Ukisimama na daftari hakinishuki kitu kooni.' Hii tena ndimu." Akaigeuza kadibodi. "'Mwite Atija.' Hii pia, 'Mwite Atija.' Na hii, 'Mwite.'"

Mama alikuwa ameshika shavu lake la mshono.

"Na hii imekunjamana kama ililoa," Atija akasema. "'Leo nitakula ukinipa uji mtupu.' Na hii ya kesho yake..." Akaziba mdomo kwa kanga.

"Soma."

"'Saidi, jana umeninywesha karatasi.'"

Wakaanza kucheka. Mama alicheka kwa pua, machozi yakimtiririka, akilishika shavu mshono usifumuke, na Atija ananipiga mgongoni kwa mikono yote miwili. Nami nikacheka, baadaye kidogo. Nilipomaliza kucheka nilitoka uani nikakaa nyuma ya tangi la maji, nikalia peke yangu. Wiki tatu mama yangu alikuwa ananiambia kwa maandishi mazuri kinachomuua kwa njaa, nami nayasogeza juu ya rafu.

Mama alisoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu, jambo nililolijua siku zote kama unavyojua rangi ya mlango wa kwenu. Barua za wajomba kutoka ng'ambo ya Ruvuma alizijibu yeye. Na mimi nilisimama hospitalini nikasema hajui kuandika.

Atija alipika uji wa mchele mpya na tui jepesi, chumvi kidogo, basi. Akaupoza hadi ukawa vuguvugu, wa kuweka kidole bila kuhisi kitu. Akamkalisha mama wima, akamwambia ainamishe kidevu anapomeza, kama alivyoelekezwa hospitalini na mimi nikasahau kwa kuhangaikia ladha. Akachukua kijiko cha chai. Na akajipakulia wa kwake, akanipakulia na mimi, tukakaa mkekani mama akiwa kitini juu yetu, kila mtu na kikombe chake. Sikuandika kitu. Mama alimaliza kikombe. Uji ulipomtoka pembeni mwa mdomo alijifuta mwenyewe.

Nilimuuliza mama, akiwa na karatasi mkononi, kwa nini hakumpa Bi Zuhura zile karatasi. Bi Zuhura anasoma. Akaandika, Atija akanisomea: "Nikushtaki kwa watu?"

Ijumaa Lusia alikuja na mizani. Barua tupu ya rufaa niliiona kwenye mkoba wake. Mama alipanda, mshale ukacheza, ukatulia kwenye arobaini na moja. Ile ile.

"Hajashuka," Lusia akasema. "Tungoje wiki."

Wiki iliyofuata arobaini na mbili. Hapo ndipo nilipolala usingizi.

Atija alikaa kwetu mpaka mvuno wa mpunga ukaisha, mume wake akivuna na ndugu zake. Alisaga msiro akampaka mama upande wa uso usio na mshono, na mshono ulipokauka kabisa Lusia akaruhusu upande wa pili. Siku hiyo mama aliomba kioo. Alijitazama, akaomba na wanja. Kisha akaashiria mlango ufunguliwe, Bi Zuhura na wenzake waingie hadi kitandani. Waliingia saba. Hakuna aliyekohoa.

Mimi sikukaa bure. Kinywa cha mama kilikuwa kikikauka na kuwaka mchana, nikagandisha maji ya madafu kwenye friji vipande vidogo, akawa anamumunya. Hilo lilikuwa wazo langu, na Lusia amewaambia wagonjwa wengine. Nikasaga samaki bila ndimu, vuguvugu, nikakuta kwamba changu mzuri hahitaji ndimu. Na nikamwomba Atija anifundishe kusoma. Baada ya wiki tatu nilikuwa nasoma karatasi za mama mwenyewe, polepole, jambo ambalo huwachukua watoto wa chuo mwaka. Ya kwanza niliyoisoma bila msaada ilisema, "Kata kucha." Nikazikata.

Tulirudi hospitali mara ya kwanza upepo wa kusi ukiwa umeshika, kupokea majibu ya maabara. Tulikaa kwenye benchi lile lile tangu asubuhi. Daktari akasema kando za nyama waliyoitoa hazikuwa na ugonjwa, tezi pia, na mionzi haitahitajika kwa sasa. Mama akauliza kitu kwa sauti yake mpya, nzito, isiyo na ncha. Daktari akanigeukia nitafsiri.

"Anauliza kama anaweza kufunga Ramadhani."

"Mwambie ale kwanza," daktari akasema. Mama akamkunjia uso.

Mara ya pili ilikuwa msimu wa korosho, barabara nzima inanuka mabibo. Kilo arobaini na saba. Daktari aliichukua ile kadi, iliyokwisha lainika mfukoni mwangu, akaipiga mstari ile sentensi ya mpira wa tumboni. Akasema turudi baada ya miezi sita, na tukiona kidonda chochote kabla ya hapo tusingoje. Ugoro, marufuku. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali jambo la mtu mwingine, lakini hadi leo hajaugusa.

Tukiwa njiani kurudi tuliteremka Mute kwa Atija. Alikuwa ametupikia wali. Niseme ukweli kama mtaalamu: wali ule ulikuwa umepitiliza, umevurugika, umekuwa bokoboko, na mchuzi wa maharage hauna kiungo hata kimoja. Kambini ningeurudisha jikoni. Tulinawa, tukakaa mkekani tukizunguka sinia moja, mama katikati yetu, kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe anakula kwa mkono na watu wengine wanamwona. Alifinyanga tonge dogo, akalipeleka upande wa kulia, akainamisha kidevu, akameza. Tukamngojea bila kumwonyesha kwamba tunamngojea. Mume wa Atija alisimulia habari ndefu ya nguruwe mwitu waliovamia shamba lake, na alipofika mwisho akairudia kuanzia mwanzo, maana mama alikuwa bado anakula.

Upande wake wa sinia ulipobaki mtupu alilamba vidole, akajifuta mdomo, akamsogezea Atija sinia.

"Tia," akasema, na kila mtu alimwelewa.